Nani Anayageuza Mayai

Kinyozi alijua kuna mkono wa mtu mara tu alipofungua mlango wa friji jioni ile na kukuta misalaba yote imetazama juu.

Ilipaswa kutazama chini. Asubuhi, kabla hajaenda kufungua kibanda chake cha kunyolea, aliyageuza mayai yote, moja moja, kwa adabu ya mtu anayembadilisha mtoto nepi. Kila yai alikuwa amelichora kwa penseli, msalaba upande mmoja, duara upande wa pili. Asubuhi duara juu, jioni msalaba juu, kwa sababu yai lisipogeuzwa kifaranga hugandia upande mmoja wa ganda na kufia humo humo. Sasa jioni imefika, yeye hajagusa kitu, na misalaba inamkodolea macho kama vile imemsubiri.

"Mayai hayana miguu," alijisemea, akafunga mlango taratibu asije akasikika.

Friji lenyewe halikuwa friji tena. Lilikata roho zamani, na Fundi Friji, rafiki yake na mteja wake wa ndevu, akalitoa matumbo yote, akatia balbu mbili, feni ndogo na beseni la maji, kisha akakata dirisha la kioo mlangoni ili kipimajoto kisomeke kwa nje. Mashine iliyozaliwa kugandisha nyama ikageuzwa kuwa mama wa vifaranga. Kinyozi hakuwa na njia nyingine. Kuku wake walikuwa na tabia za wapangaji wa mjini: wanataga, wanaondoka, na aliyebaki nyuma atajijua.

Ila mara mbili alikuwa ametia mayai humo, na mara mbili yakatoka viza. Mara ya pili moja lilimpasukia mkononi, na nyumba nzima ikala chakula uani kwa sababu ya harufu. Mkewe hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Aliongea polepole, kama karani anayesoma hukumu.

"Baba watoto, nakupa mara moja tu. Yakitoka, kuku ni wako, banda ni lako, na mimi sitafungua mdomo. Yasipotoka, friji linaenda kwa wanunua vyuma chakavu, kuku wanaingia sufuriani mmoja mmoja, na mama anapata chumba chake."

Mama ndiye mama mkwe. Alikuja kukaa nao goti lilipoanza kumsumbua, akawekwa kulala na wajukuu wawili, mmoja anayepiga mateke na mwingine ambaye godoro lake huanikwa kila asubuhi. Chumba pekee cha ziada kilikuwa kimekaliwa na friji. Sasa nawe fikiria: katika nyumba ile, ni nani angelala vizuri zaidi mayai yakioza?

Kinyozi alifikiria hivyo hivyo, na alifikiria kwa muda mrefu.

Shida ni kwamba mama mkwe si mtu wa kukamatwa shati. Tangu aoe, Kinyozi na mama huyu walikuwa wakisalimiana kwa macho ya chini, kila mmoja akitazama miguu ya mwenzake. Akitaka kumwambia kitu, anamwambia mkewe huku mama akiwa palepale anasikia. "Mwambie mama chai iko mezani." "Mama, chai iko mezani." "Mwambie nimeona." Ulikuwa mwendo mzuri kwa chai. Kwa kesi ya hujuma haukufaa kabisa.

Basi akaamua kupeleleza. Kesho yake alirudi kutoka kazini na unywele mmoja wa mteja, mweusi, mrefu, na asubuhi, alipomaliza kugeuza mayai, akaubandika kwa mate kwenye ufa wa mlango wa friji. Jioni iliyofuata unywele ulikuwa sakafuni. Akafurahi kama aliyekamata jambazi, hadi alipokumbuka kwamba gundi ya mate haidumu jirani na feni. Akaja na poda ile ya kupaka shingo za wateja, akainyunyiza sakafuni ili mwizi aache nyayo. Aliporudi, sakafu iling'aa, na chumba kilinukia sabuni.

"Nani kapiga deki chumba cha friji?" alimuuliza mkewe, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Mama. Kasema umemwaga poda humo kama mtu anayenyoa mashetani. Kaniuliza kama unapata usingizi."

"Wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hata mimi najiuliza."

Mama mkwe alikuwa jikoni, anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinua kichwa. Kinyozi akaona hiyo ni dalili. Angeinua kichwa, nayo ingekuwa dalili.

Siku ya pili yake Fundi Friji alikuja kunyolewa, akasimuliwa yote huku povu likiwa mashavuni.

"Bwana, mambo yako wazi kama mchana," alisema Fundi Friji. "Wewe unageuza, yeye anarudisha. Yai linajikuta palepale lilipolala jana."

"Ndiyo naogopa hilo."

"Na ukimuuliza mkeo?"

"Nimwambie nini? Mke wangu, nadhani mama yako ana fitina na mayai?"

Fundi Friji alicheka hadi wembe ukalazimika kuondolewa shavuni. "Kwanza yako hai? Umeyapima?"

Hakuwa ameyapima, kwa woga. Jioni hiyo alijifungia, akazima taa, akaweka yai moja juu ya tochi. Ndani ya ganda aliona mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na katikati doa jeusi likajitikisa. Akachukua la pili, la tatu. Yote yalijitikisa, isipokuwa machache yaliyokuwa meupe kama maji tangu mwanzo. Mayai yalikuwa mazima kuliko alivyowahi kuyaona.

Mtu mwingine angefurahi akaenda kulala. Kinyozi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akawaza. Adui gani huyu anayeacha mayai yawe hai? Bila shaka anangoja yakomae, aumize vizuri. Ili ajue zaidi, akaacha kuyageuza kabisa, asubuhi na jioni, aone mwenzake atafanya nini. Jioni ya kwanza alikuta duara juu. Jioni ya pili, msalaba juu. Mtu alikuwa anayageuza, tena kwa mpango, na Kinyozi, aliyekuwa amejitegea mtego wa mayai yake mwenyewe, hakuona kwamba kwa siku hizo mbili ni adui peke yake aliyekuwa anafanya kazi.

Uani nako mambo yalikwenda mbele kana kwamba ushindi umeshapatikana. Kwa mabati yaliyobaki na wavu wa dirisha, Kinyozi aliongeza banda la pili ubavuni mwa lile la zamani, lenye sakafu iliyoinuliwa ili panya wapate kazi, na fito za kulalia zilizopangwa kama ngazi. Kiti chake cha zamani cha kunyolea, kile kilichopoteza mguu, alikitia ndani kiwe kiota, na tetea wawili walikuwa tayari wanakigombania. Majirani walikuja kuchungulia ukutani.

"Hii hoteli wageni wake wako wapi?" aliuliza mmoja.

"Wako njiani," alisema Kinyozi.

"Wanakuja na friji?"

Alicheka nao hadi walipoondoka. Banda tupu lina namna yake ya kukutazama.

Wiki ya tatu ilipokaribia kwisha, Fundi Friji alimkumbusha: siku za mwisho mayai hayageuzwi tena, wala mlango haufunguliwi, unyevu usitoke, maana kifaranga anajipanga kutoboa na ukimsumbua anapotea njia. Kinyozi alipokea habari hiyo kama zawadi. Hatimaye alikuwa na sababu ya heshima. Akanunua kufuli, akapigilia vikomeo viwili kwenye friji, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akasema mbele ya watu wote, wakati wa chakula, akimtazama mkewe:

"Fundi amesema mtu yeyote asifungue. Yeyote."

"Mama, amesema mtu yeyote asifungue," alisema mkewe.

"Nimesikia," alisema mama mkwe. "Mwambie na kufuli nimeliona."

Usiku huo Kinyozi alilala kama mfalme.

Siku iliyofuata mchana, alikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, pazia la kibanda likafunuliwa. Mama mkwe. Mmoja wa wanaume waliokuwa kwenye benchi akateremsha miguu yake chini. Mama hakuwahi kukanyaga pale. Alikuwa ametembea njia yote na goti lile, khanga imemteleza begani, na aliongea naye moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

"Baba, nipe ufunguo."

Hapo ndipo Kinyozi alipojiona ana akili. Alivyoliona lile, lilikuwa jaribio la mwisho, tena la wazi. Amenyimwa mlango, sasa anataka ufunguo, na amechagua mbele za watu ili mkwe ashindwe kukataa.

"Shikamoo mama," alisema, wembe mkononi. "Kuna nini?"

"Balbu moja imezimika. Nimeona kwa kioo. Ile nyingine inapepesa. Kipimajoto kinashuka."

"Labda umeme unacheza."

"Umeme upo. Redio inaimba."

"Nitakuja mama. Namalizia huyu."

Mama mkwe alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Halafu akakaa kwenye benchi, kati ya wanaume wawili, akaweka mikono juu ya goti. Kinyozi akaendelea kunyoa. Alinyoa taratibu. Alichonga ukingo wa sikio mara mbili. Alitaka aone kama mama atachoka aondoke, kwa maana aliyetumwa na njama huchoka haraka. Mama hakuchoka. Alikaa akitazama saa ya ukutani, na midomo yake ilikuwa inacheza kama mtu anayeomba.

Ni mteja aliyesema. "Ndugu, nenda. Nitanyolewa nusu nyingine kesho."

Walirudi nyumbani, Kinyozi mbele, mama nyuma akichechemea. Chumba cha friji kilikuwa giza. Balbu ya pili nayo ilikuwa imekufa. Kwenye kioo kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi pale ambapo mara ya kwanza kilishuka, kabla ya viza. Vidole vya Kinyozi vilihangaika na kufuli kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuona kufuli. Mlango ulipofunguka, mama alikuwa tayari ameleta chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo. Alikuwa ameziandaa kabla hajaondoka nyumbani.

"Weka hizi pembeni, usiguse mayai," alisema. "Kimbia ukatafute balbu."

Alikimbia. Aliporudi, akafunga balbu mpya, wakasubiri hadi mshale ukapanda. Wote wawili walikuwa wamekaa sakafuni, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa tatu, ilibidi waongee.

"Mama, ni wewe uliyekuwa unayageuza?"

"Ni mimi. Wewe unageuza asubuhi na jioni, mchana kutwa yamelala upande mmoja. Nikaona niyaongezee zamu. Halafu siku mbili hukuyagusa kabisa. Nikajua umekata tamaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie kupitia kwa nani? Mke wako angesema naingilia." Alinyoosha goti, akakunja uso. "Kila mtu humu anajua nakitaka chumba hiki. Hata mimi najua. Yakioza, nani ataulizwa? Nilikuwa najitetea, baba. Sikuwa nakusaidia."

Kutoka ndani ya friji ulisikika mlio mwembamba, kama mtu anayefuta kioo kwa kidole. Kisha mwingine.

Vifaranga vilitoboa usiku kucha na siku iliyofuata. Zaidi ya nusu vilitoka, vimelowa, vimechukia dunia, vikakauka vikawa manyoya matupu yenye kelele. Mayai mengine hayakutobolewa. Kinyozi aliyapasua peke yake uani, akakuta vifaranga kamili ndani, na mdomo umeshaelekea kwenye ganda. Aliyafukia nyuma ya banda jipya. Hakumwambia mtu yeyote mara ngapi alichonga lile sikio.

Mkewe aliposimama mlangoni na kuona boksi limejaa vifaranga, aliinua mikono. "Haya. Nimesema sitafungua mdomo. Kuku ni wako."

"Hawawezi kwenda bandani sasa hivi," alisema Kinyozi. "Wanataka joto mpaka waote mabawa. Na mtu wa kuwaangalia, balbu isije ikafa tena."

"Mtu gani huyo, na wewe uko kazini kutwa?"

"Nilifikiri kitanda cha mama kingeenea pale dirishani. Friji tukilisogeza kidogo."

Mkewe alimtazama mumewe. Akamtazama mama yake. Wale wawili, ambao kwa miaka walikuwa wakizungumza kupitia kwake kama kupitia dirisha la posta, walikuwa wamesimama upande mmoja wa boksi.

"Mlipanga hili lini?"

"Hatujapanga kitu," alisema Kinyozi, na alikuwa anasema kweli.

Kisha naye akageuka kumtazama mama mkwe. Mama alikuwa ameinama, anatandaza maranda ndani ya boksi kwa kiganja, polepole, hadi kila pembe, na hakuinua kichwa.