Ndoo ya Maji ya Udhu

Mume wangu Rama alikuwa na sababu moja kwa kila kosa, na sababu yenyewe ilikuwa kelele. Akipotewa na hesabu ya rakaa, ni bodaboda. Akisahau kama ameshasoma Alhamdu, ni redio ya kinyozi wa ng'ambo ya njia. Siku aliyowaswalisha watu adhuhuri rakaa tano, alirudi nyumbani akasema ni ile mashine ya kusagia mahindi. "Mtaa huu wa Shika Adabu hapa Likoni umekuwa soko," akaniambia. "Mtu hapati hata nafasi ya kumkabili Mola wake."

Miaka ishirini na miwili alikuwa akiswalisha katika msikiti wetu mdogo kila imamu anapokuwa na udhuru. Baada ya ile rakaa ya tano walimjia wazee watatu, wakanywa chai yangu yote, kisha wakamwambia kwa adabu apumzike. Akapumzika kwa kuniswalisha mimi nyumbani, na hapo ndipo nilipoanza kupiga kofi.

Imamu akikosea, wanaume walio nyuma yake humzindua kwa kusema subhanallah. Sisi wanawake hatutoi sauti. Tunapiga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, naye anajua. Kwa miezi minne nilikuwa nikipiga. Akiketi kabla ya wakati, napiga, naye anasimama hapo hapo, wima, haraka kuliko kijana. Tukishatoa salamu ananuna mpaka chakula cha usiku. Na mimi, Mungu anisamehe, swala zangu zilikuwa hesabu tupu. Nilikuwa nahesabu rakaa za mtu mwingine.

Binti yetu Jalila alimtafutia daktari wa mambo ya kumbukumbu, akapata miadi ya Jumatatu. Rama alikataa katakata.

"Nipelekeni mahali pa kimya," akasema. "Nikikosea huko, nitakwenda kwa huyo daktari wenu kwa miguu yangu. Nisipokosea, asinitajie mtu daktari tena mpaka naingia kaburini. Na wewe, Mama Jalila, hilo kofi lako liache Likoni. Lanidhalilisha."

Nilikubali. Wallahi sikujua nilikuwa naomba akosee au asikosee.

Ndivyo tulivyofika Shimba Hills Jumamosi moja ya Februari, sisi tulio na miaka zaidi ya sitini na hatujawahi kulala hemani. Mkwe wetu Suleiman alitushusha na vitu vyetu, akasema atatufuata kesho saa nne, akaondoka. Kambi yenyewe ilikuwa kiwanja kidogo ukingoni mwa msitu: hema moja la kukodi, choo cha mabati, mafiga matatu na kibao kilichopauka. Hapakuwa na mgeni mwingine. Kutoka Likoni si mbali, hata kupunguza swala hakuruhusiwi, lakini kimya kile sikukizoea. Kilinitia hofu tangu gari lilipopotea.

Askari wa mbuga aliyekuja kutupokea aliitwa Nzai, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Rama shikamoo, akatuonyesha njia ya kwenda kwenye kituo chake, mwendo wa dakika kumi.

"Mvua haijanyesha tangu Desemba," akasema. "Vidimbwi vyote vimekauka. Ndovu wananusa maji kutoka mbali, kwa hiyo mama, maji yote yakae ndani ya mtungi wenye kifuniko, na mtungi ukae ndani ya sanduku lile la chuma. Kitu cha maji kisiachwe nje, hata kidogo."

"Na akija?" nikauliza.

"Mkiwa mko chini, kaeni chini. Msikimbie wala msipige kelele. Kubwa zaidi, mtu asisimame ghafla mbele yake. Akishamwona mtu anainuka, anahesabu kuwa anashambuliwa."

Nikaitikia vizuri. Moyoni nikasema huyu anatutisha kama watalii. Tangu nilipoolewa, mlango wangu una ndoo ya maji ya udhu, imefunikwa sinia, na kopo juu yake. Mama mkwe aliniachia hivyo, na mimi sijui kuanza swala bila ndoo hiyo kuwa karibu. Basi adhana ya alasiri ilipolia kwenye simu ya Rama, nilijaza ndoo kutoka kwenye mtungi, tukatawadha, nikaifunika sinia na kuiacha pembeni mwa mkeka, upande wa kulia wa mume wangu. Nilijiambia sinia litazuia harufu. Mwanamke mzima mimi, nikafikiri hivyo.

Rama akasimama mbele, mimi nyuma yake. Kabla ya kufunga swala alisikiliza kwanza, kisha akageuka kunitazama. "Wasikia?" akasema. "Hakuna kitu." Alikuwa akitabasamu kama bwana harusi.

Rakaa ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili akaketi panapostahili, akainuka kwa wakati. Nikaanza kuona aibu kwa kumshuku. Ya tatu akarukuu, akasujudu, na mimi nikiwa kwenye sijida ya pili, paji la uso mkekani, nikasikia kijiti kikivunjika upande wa msituni. Kisha nikasikia pumzi. Haikuwa pumzi ya mtu wala ya ng'ombe.

Nilipoinua kichwa, ndovu alikuwa ameshatoka msituni. Alikuwa jike, pembe moja imevunjika, ngozi imeshikamana na mbavu kwa ukame. Alikuja moja kwa moja kuifuata ndoo, bila haraka, na kati ya ndoo na bega la Rama hapakufika hatua mbili.

Rama alitakiwa kusimama kwa rakaa ya nne. Hakusimama. Aliketi, akakunja vidole, akaanza tahiyatu ya mwisho.

Zilikuwa tatu. Nilikuwa na hakika kama ninavyolijua jina langu. Amekosea mahali pa kimya, bila bodaboda wala kinyozi, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshapanda wenyewe kama ulivyozoea miezi minne. Ukabaki juu, hewani.

Kwa sababu nilimjua. Nikipiga, atasimama hapo hapo, wima, haraka kuliko kijana, ubavuni mwa mnyama aliyechizishwa na kiu. Nisipopiga, ndovu anafika kwenye ndoo na mume wangu ameketi kando yake hajui. Nikataka kumwita jina. Nikakumbuka maneno ya Nzai. Nikaushusha mkono polepole mpaka ukagusa paja, na nikaushikilia kwa ule mwingine, maana sikuuamini.

Ndovu akalisukuma sinia kwa mkonga. Likaanguka juu ya jiwe, likalia kama kengele. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Rama alikuwa vile vile, kidole cha shahada kimenyooka, hajageuka. Huyo ndiye mume wangu: akiwa kwenye swala, hata nyumba iungue.

Mnyama akanywa. Sijawahi kusikia sauti ya kunywa maji kubwa namna ile. Akavuta, akamimina kinywani, akavuta tena, mpaka ndoo ikapinduka na ikawa inakwaruza mchanga. Hapo akataka zaidi. Mkonga ukanyooka ukamnusa Rama mgongoni, kwenye kanzu, kisha shingoni ambako maji ya udhu yalikuwa hayajakauka. Niliona kitambaa cha kanzu kikivutwa na kuachiwa. Nilisoma kila nilichokijua, na vyote vilichanganyika. Nilisema, Mola wangu, mwache asahau. Mwache aketi. Usimkumbushe.

Rama akageuza uso kulia kutoa salamu, akakutana na mkonga.

"Assalaamu," akasema, akakwama. Niliona mshipa wa shingo yake ukidunda. Kisha akamalizia, taratibu, neno kwa neno, akageuka kushoto akatoa ya pili, na akabaki ameketi, mikono mapajani, anatazama mbele. Ndovu akatikisa masikio. Akarudi nyuma hatua moja, akaipiga ndoo teke, akaingia msituni kama alivyotoka.

Kisha Rama akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Umeona, Mama Jalila? Nne kamili, na ndovu kwapani! Na hukupiga kofi hata moja! Nimwambie nini sasa huyo daktari?"

Nzai alikuja mbio na bunduki. Alikuwa ameona nyayo mbichi njiani. Alitazama ndoo, akatazama mkeka, akanitazama mimi, na sikuwa na pa kuficha uso. Nilimwambia kosa ni langu.

"Mzee angeinuka tu," akasema Nzai, "saa hizi ningekuwa natafuta gari la kumbeba."

"Ningeinukaje?" Rama akamjibu kwa furaha. "Nilikuwa nimeshamaliza rakaa zangu!"

Nzai akachukua ndoo, akasema atalinda karibu mpaka asubuhi, akaenda kukaa chini ya mti wa mbali. Rama alikuwa tayari anapanga atakavyowahadithia wale wazee watatu, nani atakaa wapi, na yeye ataanzia wapi. Sikuwa nimemwona na raha kama ile tangu walipompumzisha. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Mdomo wangu ulitaka kunyamaza. Lakini alasiri yake ilikuwa haijatimia, na Jumatatu haikuwa mbali.

"Baba Jalila," nikasema. "Zilikuwa tatu."

Akaendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye habari haijamfikia. "Hukupiga kofi."

"Ungesimama."

Akatazama mahali ndoo ilipokuwa. Mchanga ulikuwa umelowa, na wayo wa ndovu ulikuwa mpana kuliko sinia letu. Kisha akanitazama mikono, ambayo nilikuwa bado nimeishikanisha, na nadhani hapo ndipo alipoona yote.

"Hapakuwa na kelele," akasema kwa sauti ndogo.

"Hapakuwa."

"Jumatatu ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

Akainuka kwa kujishika goti, akaunyoosha mkeka, akaelekea kibla. Aliponigeuzia uso, sikuona kununa. Niliona woga, na nilimpenda kuliko siku yoyote.

"Tuiswali upya," akasema. "Na nikikosea, piga. Piga nisikie."

Akafunga swala. Kimya kilikuwa kile kile. Ya kwanza ikapita, na ya pili. Rakaa ya tatu aliposujudu mara ya pili, akainuka kutoka sijidani, akaketi.

Nikapiga kofi. Akasimama.