Antena ya Langoni

Mtu wa kwanza kupita alikuwa Modesta, na lango likamlilia.

Ulikuwa mlio mwembamba, kama mbu aliyeingia sikioni, lakini kila mtu aliusikia. Kwenye kisanduku kilichofungwa juu ya nguzo, taa ndogo nyekundu iliwaka. Modesta akasimama, beseni la plastiki kichwani, mguu mmoja ndani ya lango na mwingine nje. Akageuka taratibu kumtafuta mtu pekee pale aliyejua mlio ule ulitoka wapi.

"Flavi," alisema. "Mlango wako unaniita?"

Flavian alikitazama kile kisanduku. Lango lile alilijenga yeye. Alichagua nguzo za mti badala ya chuma, kwa sababu chuma humeza mawimbi ya antena. Akazungusha waya wa shaba ndani ya mabomba membamba ya plastiki, kushoto, juu, kulia, hadi chini ya udongo. Akapaka rangi ya kijani ili lionekane lango tu kama malango mengine. Jana jioni alilijaribu akafurahi, akapiga mluzi njia nzima. Na sasa lilikuwa limemkamata mama yake mdogo, mwanamke aliyemlea tangu mama yake mzazi alipozikwa, aliyemsomesha kwa kambale wa kukaushwa.

"Mama, weka beseni chini," alisema Christopha, mlinzi, huku akitazama ardhi. "Amri siyo yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya wakubwa."

"Basi mwambie mkubwa aje aniteremshie. Mimi nimejitwika, sijamwomba mtu."

Nyuma ya Modesta, Stumai, mwenzake wa miaka mingi katika biashara ya samaki, aliangua kicheko cha hasira. "Hata kuku wangu nikimpitisha hapa litalia? Flavian baba, hongera! Watu wanajenga nyumba, wewe umejenga mdomo."

Mto wa pale hushuka kutoka juu Ufipa, huporomoka Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaotazama bonde la Rukwa, kisha hutulia na kwenda kwenye mashamba ya mpunga upande wa Mtowisa. Chini ya maporomoko mradi wa umeme ulikuwa umejenga banio la zege la kuzuia maji. Juu ya banio kulikuwa na mabwawa ambamo kambale huzaliana mvua zinaponyesha, na ili waweze kushuka bila kupita kwenye mashine, wakatengenezewa njia yao: bomba pana la plastiki lililozunguka jengo la mitambo na kumwaga chini mtoni. Kila kambale aliyevuliwa mabwawani alitiwa tumboni chipu ndogo kama punje ya mchele, kisha akarudishwa majini. Kuzunguka bomba kulikuwa na antena. Samaki akipita, chipu inajibu, taa inawaka, namba yake inaandikwa. Hivyo ndivyo mradi ulivyojua nani ameshuka salama.

Antena hizo zilikuwa za Flavian. Kabla ya hapo alikuwa fundi redio pale Mazwi, kibandani, mwenye sifa mbili mjini Sumbawanga: mikono mizuri na mdomo mbaya. Aliwahi kumrudishia diwani redio yake vipande vipande kwa sababu diwani alimwita "kijana wa spana". Mradi ulipotafuta mtu wa kusuka waya, meneja, Bwana Mbonile, ndiye aliyesema, "Mleteni huyo mkorofi. Nasikia anaweza." Na Flavian aliweza. Aliipenda kazi ile kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Alijua antena haitaki haraka wala chuma, na ukiisogelea tu kwa mwili wako inabadilika, unaanza upya. Hata bisibisi ya kuirekebishia aliichonga kutoka kwenye mpini wa mswaki.

Tatizo likawa hesabu. Kambale wengi walitiwa chipu, wachache walipita bombani. Wengine wako wapi? Bwana Mbonile alikuwa na jibu: wanaibwa. "Jenga antena nyingine," alimwambia Flavian, "kwenye njia ya kutokea mtoni. Tuwashike hao wezi." Flavian akafikiria vijana wa makokoro wanaokuja na pikipiki kutoka mbali. Hakufikiria zaidi ya hapo. Alikuwa amesifiwa, na mtu aliyesifiwa husikia vibaya.

Maana Modesta alikuwa amemwambia. Mvua zilipoanza tu, wakila ugali wa ulezi nyumbani kwake, alimwambia: "Siku hizi samaki wanatoka mlangoni mwa mashine wamekatika. Tunaokota tu." Na Flavian, akiwa na waya mapajani, alicheka. "Mama mdogo, pale mbele ya mashine kuna wavu wa chuma. Samaki hawezi kuingia." Hakwenda kutazama. Ulikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwenye bomba lake, naye hakwenda.

Bwana Mbonile alikuja akitembea haraka, funguo zikining'inia kidoleni. Alikuwa mtu wa Mbeya, mwimbaji wa kwaya, mstaarabu hata anapokosea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kumbe adabu unayo."

"Mama, humo ndani kuna samaki wa mradi. Antena haisemi uongo. Nimeshaita gari la polisi, tutakwenda pamoja kituoni, mtaandika maelezo. Na kuanzia leo njia hii ya mtoni inafungwa kwa wote."

Stumai alishusha beseni lake kwa kishindo. "Ifungwe? Sisi tule nini, zege?"

"Mngefikiri hayo kabla ya kuiba."

Neno hilo ndilo lililomfungua Flavian. Alimsogelea Modesta, akampokea beseni kwa mikono miwili kama anavyopokewa mgeni, akaliweka chini, akafunua gunia lililolowa. Akainua kambale. Alikuwa nusu. Kuanzia mgongoni hapakuwa na kitu. Uti ulikuwa umesagika, na nyama, iliyooshwa na maji hadi ikaisha damu, ilikuwa nyeupe kama ndani ya muhogo. Akainua mwingine, kichwa kimebondeka. Mwingine, mkia tu.

"Tazama," alisema.

"Kisu," alisema Mbonile.

"Kisu!" Stumai alidakia. "Kisu gani kinakata samaki kikamwacha na matumbo yake? Mwizi gani anaiba nusu, bwana? Nikitaka kuiba naiba mzima!"

"Wamepita kwenye mashine," alisema Flavian. "Wavu umetoboka. Zima mashine tukautazame."

"Mashine haizimwi kwa maneno ya njiani. Kuna watu wanasubiri umeme. Kuna watu wanasubiri ripoti yangu." Mbonile alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. "Ndugu yangu, mimi ndiye niliyekupigania upate kazi hii. Usipandishe sauti mbele ya watu. Hasira zako unazijua mwenyewe."

"Nazijua," alisema Flavian. "Leo ndiyo nimejua kazi yake."

Akachomoa koleo mfukoni. Kamba za chini zilizofunga mabomba kwenye nguzo zilikatika, kisha za juu, na lango la kijani likaanza kuyumba. Alifukua udongo kwa vidole. Alilitoa lote, mabomba, waya na kisanduku, akalibeba begani kama mtu abebaye fremu ya dirisha, akaanza kushuka kuelekea jengo la mitambo.

"Flavi, usiniletee matatizo," Christopha alimlilia.

"Matatizo yako hapo tayari. Beba betri ya lango."

Christopha alimtazama meneja, akatazama kisanduku. Kisha akabeba betri.

Maji yaliyotoka kwenye mashine yalipita ndani ya mfereji wa zege hadi mtoni. Hapakuwa na njia nyingine ya kuingia mferejini humo. Chochote kilichoelea pale kilikuwa kimepita kwanza kwenye mapanga ya chuma. Hilo hata Mbonile alilijua, na ndiyo sababu alikuja mbio nyuma yao, viatu vyake vyeusi vikiteleza kwenye majani.

Flavian aliingia majini. Yalimfika magotini, na baridi ya Ufipa ilikuwa bado ndani yake. Alisimamisha lango mferejini, akawasha. Kisanduku kikapiga kelele ya ovyo, taa ikawaka bila kuzima, kama kichaa. Kuta za zege zilikuwa na nondo, na nondo zilikuwa zinaimeza antena. Ilibidi isimame katikati, mbali na kuta zote, na hapakuwa na mahali pa kuifunga.

Modesta alikunja kitenge chake, akashuka. Hakuuliza. Alishika upande mmoja wa fremu. Stumai akashuka baada yake, akilaani maji, akilaani umeme, akimlaani Flavian na ukoo wake, akashika upande wa pili.

"Hivi?"

"Nyooka kidogo. Vua na bangili, ya chuma hiyo."

"Sasa unataka kunivua bangili! Mume wangu mwenyewe hajawahi kuniambia hivyo."

Akaivua, akaitupia majanini. Flavian aliingiza mpini wa mswaki kwenye kisanduku na kuanza kurekebisha. Kila alipokaribia mahali penyewe, kidole kilipitiliza, na kelele ikaanza upya. Alitaka kulivunjavunja lile lango. Aliona wazi jinsi angelipiga ukutani, waya ukimwagika majini, na Mbonile amesimama pale juu na funguo zake. Hasira ilimjaa hadi kwenye meno.

"Pumua, mwanangu," alisema Modesta.

"Napumua."

"Hupumui. Unakoroma. Pumua."

Akapumua. Akarudi nyuma hatua kidogo, mwili wake uondoke kwenye antena, akanyoosha mkono tu. Akageuza bisibisi pole, pole zaidi. Kelele ikapungua, ikawa mvumo, ikawa kimya. Taa ikazima. Akachukua kijiti chake cha majaribio, tete lenye chipu moja iliyofungwa kwenye ncha, akalipitisha ndani ya lango. Taa ikawaka mara moja, safi, ikazima.

Akamrushia Mbonile kile kijiti ukingoni. "Shika wewe. Usije ukasema taa iliwaka kwa chipu yangu."

Mbonile alikidaka.

Wakangoja. Maji yalipita kati ya miguu ya wanawake wawili. Ndani ya jengo mashine ilinguruma kama mtu anayetafuna amefumba mdomo. Majani yalipita, povu likapita, kipande cha gunia kikapita. Taa haikuwaka. Kwa mbali, upande wa barabara, ilisikika injini ya gari ikipanda kwa gia ndogo.

"Mmeridhika?" aliuliza Mbonile. Sauti yake haikuwa ya kushangilia. "Tokeni, mtapata homa bure."

Hakuna aliyetoka. Flavian alijua kwamba antena inaweza kuwa sawa na bado isiwake, kwamba wavu unaweza kutoboka na bado asubuhi nzima asipite samaki. Alijua pia kwamba gari likifika kabla taa haijawaka, kazi ya mikono yake ndiyo itakayosomwa kituoni, na mama yake mdogo ataulizwa jina. Alikaza macho kwenye kile kisanduku kana kwamba angeweza kukiwasha kwa kukichukia.

Ikawaka.

"Haa!" Stumai aliruka, karibu aachie fremu. "Kimenigusa mguuni! Kimenigusa!"

Nusu ya kambale, tumbo na mkia, ilipita nyuma yake, ikajipindua mara moja, ikaenda zake mtoni. Taa ilizima. Kabla mtu hajasema neno ikawaka tena. Safari hii hawakuona kitu. Kilichopita kilipita chini, kwenye maji ya rangi ya udongo, pengine nyama, pengine chipu peke yake iliyokwisha kupoteza samaki wake.

Christopha, amekumbatia betri ukingoni, alifanya ishara ya msalaba.

"Hao ndio wezi wako," alisema Flavian. Alitaka kupiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo. "Nenda kawapeleke kituoni."

Gari lilisimama juu, mbele ya pale palipokuwa na lango. Milango ikafunguliwa, ikafungwa. Mtu akaita, "Meneja! Watuhumiwa wako wapi?"

Mbonile alikuwa anatazama kisanduku. Taa ikawaka kwa mara ya tatu.

"Zima hicho kitu," alisema hatimaye.

"Swichi iko huku," alisema Flavian. "Njoo."

Modesta aliongeza, kwa upole kabisa, "Njoo, baba. Maji hayang'ati."

Meneja aliinama. Alifungua kamba za kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviweka sambamba juu ya zege kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Akavua soksi. Akakunja suruali, akateremka ukingoni kwa uangalifu, mkono mmoja ukutani, na baridi ilipompata alivuta pumzi kwa sauti. Hakuna aliyejua kama anakuja kuzima au kutazama. Pengine na yeye hakujua. Alikuja akikanyaga polepole kwenye utelezi, kwapani amebana kile kijiti cha majaribio alichokisahau, hadi akawa kati ya wanawake wawili, mguu mmoja ndani ya lango na mwingine nje.

Na lango likamlilia.