Wachukuzi wa Ndani ya Mguu

Mimi ni mchukuzi, mwaka wa ishirini na sita sasa, na majengo ninayopandishia watu makabati hayana lifti. Basi binti yangu alipoanza kuburuta miguu, nilimpa dawa ninayoijua: ndoo ya maji, ghorofa tatu, kila asubuhi. Miguu hukazwa na mzigo, nikasema. Mama yake akafoka mpaka akachoka. Mimi nimetia pamba masikioni.

Kazini kwetu aliyezidiwa huita "Pokea!" na aliye karibu hupokea, hakuna maswali. Siku moja binti aliniita hivyo kwenye ngazi. "Nipokee nini?" nikamkaripia. "Mtoto wa mchukuzi mzima!" Hakuniita tena. Mwezi uliopita alianguka na ndoo yake, ndipo tukaenda hospitali, akapimwa.

Leo daktari, mama mmoja mpole, alituita kwa majibu. Akanigeuzia kompyuta yake.

"Hii imechorwa tu, baba, lakini ndivyo inavyotembea. Ni protini. Inaitwa kinesini."

Lahaula! Kidude chenye miguu miwili, kidogo hata jicho halikioni, kinatembea juu ya uzi na furushi kubwa kuliko chenyewe. Mguu mmoja haubanduki mpaka wa pili umeshika. Jamani, ndivyo ninavyowafundisha wageni wa kazi kupandisha friji! Hiki nacho kilifundishwa na nani?

"Kinapeleka wapi?"

"Kutoka uti wa mgongo mpaka vidoleni. Kule mwisho neva, yaani mshipa wa fahamu, haijitengenezei karibu chochote. Lazima ipelekewe."

"Viko vingapi?"

"Ndani yako? Havihesabiki. Hata sasa viko kazini."

Nikayatazama magoti yangu. Mwili ulinisisimka wote. Miaka yote najisifu kubeba, kumbe nabebewa, wala sijawahi kusema ahsante.

"Na vya binti yangu?"

"Vyake vina hitilafu tangu azaliwe. Vinateleza, vinaachia mizigo njiani. Si uvivu, baba. Mazoezi mepesi tutampa. Ndoo, hapana."

Binti alikuwa anatazama kompyuta. Mimi hakunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani nilitaka kumbeba, akanizuia kwa mkono. Akapanda mwenyewe, mimi nyuma yake. Ngazi ya tisa akasimama, ameshika ukuta.

"Mwanangu," nikasema, "nisamehe. Niite tena kama siku ile."

 Kwa sauti ndogo, bila kugeuka, akaita:

"Pokea."

Nikapokea.