Kopo la Mkorogo

Wiki ya harusi ya binti yangu Anitha, shangazi wa bwana harusi alikuja kwangu Nzuguni na kopo la mkorogo. Eti bibi harusi ajichubue, atoke mweupe kwenye picha.

Nilipandwa na hasira. Ngozi ile nimeilea mwenyewe! Maji na sabuni asubuhi na jioni, mafuta ya alizeti upepo wa kiangazi ukianza kupasua midomo, kanga kichwani juani, na marufuku kutumbua chunusi. Leo mtu aje aibabue kwa dawa ya kopo?

"Mkwe wangu," nikamwambia, "ng'ombe wenu wa mahari mliwaleta kwa rangi hii hii. Kama imewachosha, zizi lile pale. Fungua, uwaswage mpaka kwenu Ihumwa."