Udongo wa Handaki

Krr. Krr. Kimya kidogo, kisha krr tena. Nilikuwa uani napukuchua mahindi, nikadhani ni panya. Mama naye aliacha kupepeta maharage, akanitazama. Sauti ilitoka kwenye chumba cha kaka yangu Yohanes, na chumba kile hakikuwa kimetoa sauti yoyote tangu tumhamishie hapa Masakta.

Nikasukuma mlango. Kaka alikuwa amekaa kitandani, treni ndogo mkononi, anazungusha gurudumu kwa kidole huku amelisogeza sikioni.

"Ekseli imepinda," akasema, bila kunitazama.

Treni hiyo niliinunua mnadani Katesh, kwenye rundo la midoli ya mtumba: kichwa, behewa moja la mizigo na vipande vya reli. Muuzaji aliniuliza mtoto wangu ana umri gani. Nikamwambia mtoto wangu ana ndevu. Huku Masakta wakasema malenga amechanganyikiwa. Kwanza alijifundisha mashairi mwenyewe, sasa ananunua treni za watoto. Waseme. Mimi nilijua ninachokitaka.

Yohanes alikuwa fundi redio. Tangu tukiwa wadogo alikuwa na ndoto ya kujenga reli nyumbani, reli nzima, na stesheni yake na taa zake, maana ya kweli huku kwetu haijafika. Halafu ikaja ile Jumapili asubuhi, mlima Hanang ukateremka na tope lake hadi Jorodom, ukabeba nyumba yake na mkewe, Letisia. Nyumba tuliona mabaki yake. Letisia hatujamwona hadi leo. Tangu hapo kaka alilala akitazama ukuta, na sahani ya chakula ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Mama alikuwa ananiuliza swali asilolimaliza: "Maksi, huyu akiendelea hivi..."

Nilitaka mikono yake ipate kazi. Ikipata kazi, na yeye atabaki.

"Tunaanzaje?" nikamuuliza.

"Na ubao. Watu wote wanakimbilia treni. Ubao ukiyumba, treni inaanguka."

Nikang'oa mlango wa stoo. Mama akauliza kuku watalala na nani. Nikamwambia watalala na fundi. Tukaulaza mlango juu ya matofali, kaka akachora kwa mkaa: duara moja, dogo, njia moja.

"Na stesheni mbili," nikasema.

"Wewe huna reli ya kukufikisha hata ya kwanza. Tulia."

Kweli, reli hazikutosha kufunga duara. Akanyoosha waya wa redio mbovu, akaziba pengo kwa waya huo, akaunganisha na betri ya sola. Kichwa cha treni kikatetemeka, kikasogea urefu wa kiganja, kikasimama. Siku hiyo alikula ugali wote, akaomba mboga nyingine. Mama akatoka nje, nikamsikia anapenga kamasi.

Nikatunga palepale, nikausema mstari kwa sauti:

"Gari moshi limefika, Hanang pasipo na reli."

"Hanang ni mizani mbili au tatu?" kaka akauliza.

"Mbili."

"Ukiimba unasema Hanangi. Tatu. Umeanguka, malenga."

Angekuwa mtu mwingine tungebishana mpaka mmoja wetu ahame kijiji. Yeye nilimwacha anishinde.

"Tunataka handaki," akasema. "Treni ikizunguka wazi inachosha. Lazima ipotee kidogo, halafu itokee."

Handaki lilitaka mlima, na mlima ulitaka udongo. Wa kwetu hapa ni mweusi, ukikauka unapasuka. Hapo ndipo kichwa changu cha mashairi kilipowaka. Niliuona mstari kabla sijaona kitu kingine chochote: Hanang ijengwe kwa Hanang yenyewe. Tope la Jorodom ni laini, na likikauka linashika kama saruji. Nikalifuata. Nikajaza kiroba, na Xavery wa bodaboda akakifunga nyuma yangu kwa mpira.

"Huyu abiria wako mzito," akasema. "Na hata hajanisalimia."

Nilicheka. Njia nzima nilijisifu kwa ule mstari.

Kaka alimimina maji, akakanda. Aliinua mteremko wa kwanza juu ya reli, akaulainisha kwa kiganja. Kisha mikono yake ikasimama. Akaunusa udongo.

"Umeutoa wapi?"

"Jorodom. Pale kwako. Nikasema mlima ujijenge wenyewe, yaani..."

"Upande wa jikoni au upande wa choo?"

"Wa jikoni."

Letisia alikuwa jikoni. Asubuhi ile alitangulia kwenda kuwasha moto.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai. "Maksi, mwanangu," akasema polepole. "Umemleta shemeji yako kwenye kiroba."

Nilikishika kile kiroba nikirudishe nilikokitoa. Yohanes akanikamata mkono, vidole vyake vimejaa tope.

"Acha."

Akaubomoa mteremko. Akaanza kuuponda udongo kwa vidole, bonge kwa bonge, akiutandaza juu ya mlango mpaka reli zikafunikwa, na lile duara la mkaa nalo likafunikwa.

"Mama, naomba chekeche."

Mama alikwenda kuchukua chekeche lake la unga. Alilishika kidogo kifuani, kisha akampa.

Kaka alichekecha mchana wote. Akipata kipande cha mkaa, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha anakiweka ndani ya behewa. Kigae cha chungu, ndani ya behewa. Akapata uzi ambao rangi yake sikuweza kuitambua; huo aliushika muda mrefu, kisha nao akaulaza humo, taratibu. Chakula kililetwa kikapoa. Kiroba kikaisha. Akakigeuza ndani nje, akakikung'uta.

"Kule umebaki mwingi?"

"Mwingi, kaka."

Nilitaka kumwambia kwamba mitambo ilishauzoa, malori yakaumwaga asikokujua mtu, na kwingine watu wamepanda mahindi juu yake. Nilitaka kumwambia kwamba maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuuchekecha, wala ya watu wawili. Lakini alikuwa ameacha ukuta na kunitazama mimi, na hilo ndilo nililokuwa nimelitafuta tangu siku ile ya mnadani.

"Utaniletea?"

Nilitafuta mstari kichwani. Hapakuwa na mstari.

"Nitakuletea, kaka," nikasema, kwa sauti ambayo mama aliisikia mpaka uani. "Kiroba kwa kiroba. Nitauleta wote."