Sauti Arobaini za Kikoneni

Saa nne ya asubuhi, siku ya Jumatatu, Swabir alikuwa amelala chali kitandani, kompyuta imemkalia tumboni, akitazama mabao ya mechi ya juzi, aliposikia mama mkwe wake, Bi Biasha, akipiga hodi mlangoni. Alijua kwamba angekuja. Mkewe, Subira, alikuwa amemwambia tangu wiki iliyopita kuwa nyumba ya mama yake huko Mwabungo inaezuliwa makuti ili iezekwe mabati, na kwa wiki tatu mama atakaa nao hapa Waa. Lakini Swabir alidhani atafika alasiri, Subira akiwa amekwisha kurudi kutoka zahanati.

Alitoka na kikoi chake, nywele zimemsimama upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unaumwa?"

"La, mama, mimi mzima. Niko kazini."

Bi Biasha alikitazama kile kikoi, akaitazama miguu mitupu, kisha akayapeleka macho pengine kwa adabu. "Alhamdulillahi, maadamu u mzima," alisema. Swabir alitamani sakafu ipasuke immeze.

Na hakuwa amesema uongo. Kwa miaka minane alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, kila siku ameamka alfajiri, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Hoteli ilipofungwa alikaa miezi minne bila kazi, hadi shirika moja la utafiti la Nairobi lilipomwajiri afanyie kazi nyumbani. Shirika hilo lilikuwa limewarekodi wakulima arobaini wa Kikoneni wakizungumza kwa Kidigo juu ya mvua zao, mbegu zao na mashamba yao. Kazi ya Swabir ilikuwa kusikiliza na kuandika maneno yao kwa Kiswahili. Alipoipata alishangilia. Hakuna tai, hakuna meneja wa kumwangalia saa.

Sasa wiki ya tano ilikuwa inakwisha naye alikuwa amemaliza sauti tisa tu. Hakuelewa muda ulikuwa ukienda wapi. Kila alipokaa kuanza, alikumbuka chai. Akirudi na chai, jirani yake Chome alimwita amshikie mbuzi adungwe sindano, "si uko nyumbani tu?" Mwenye kuleta mtungi wa gesi aliambiwa auache kwa Swabir. Mtoto wa jirani akitoka shule mapema aliambiwa akae kwa Swabir. Na kwa kuwa aliona haya, mwanamume mzima kuonekana barazani mchana watu wakienda kazini, alijificha chumbani na kompyuta yake. Huko kitanda kilimngoja, naye hakuwa na ubavu wa kushindana nacho.

Jioni ile Hannah, msimamizi wake wa Nairobi, alipiga simu.

"Swabir, mimi nimekutetea vya kutosha," alisema. "Baada ya wiki tatu, siku ya Jumatano, tunaenda Kikoneni kuwasomea watu maneno yao, na watu wa kilimo wa kaunti watakuwepo. Kama hutaweza, niambie sasa nimpe mtu mwingine. Sitakasirika."

Lile la kwamba hatakasirika ndilo lililomchoma. "Nitaweza," alisema.

Kesho yake alianza mapema, mlango wa chumba umeachwa wazi kwa ajili ya joto. Bi Biasha alikuwa ukumbini akichambua mchicha. Chumba cha mkwe hawezi kukanyaga, lakini masikio hayana kizuizi. Sauti ya mwanamke mmoja wa makamo ilikuwa ikisikika, na nyuma yake mchi ukitwanga. Swabir alirudisha mara mbili, hakushika neno, akaandika kama alivyozoea: *haisikiki*. Akasonga mbele.

"Baba," Bi Biasha aliita kutoka ukumbini. "Huyo mama amesema nini pale kwenye kutwanga?"

"Haisikiki, mama. Nimeandika hivyo hivyo."

"Haisikiki kwa nani? Mimi nimemsikia. Amesema mbegu za ndugu yake zililiwa na fukusi kwa sababu gunia lilikaa chini."

Swabir alirudisha tena. Kweli, ndivyo alivyosema. Akasikia uso unamchoma. Yeye amezaliwa Mdigo lakini amelelewa Mombasa, na Kidigo chake kilikuwa cha salamu na mizaha.

"Hebu nisomee na hapo mbele," mama mkwe alisema.

Akamsomea. Mwanamke yule alikuwa anawaomba wakubwa, na Swabir alikuwa ameandika: *Mbegu zije kabla ya mwaka kuisha.*

Bi Biasha aliuweka mchicha chini. "Hilo la kuisha amelisema yeye?"

"Nimelijaza mimi, mama. Niliona sentensi haijakamilika."

"Imekamilika, baba. Kwa watu wa mashamba mwaka si hesabu ya miezi. Mwaka ni mvua kubwa, za masika. Anataka mbegu kabla ya mvua. Wewe umempelekea Desemba!"

Swabir aliyatoa macho kwenye kompyuta. Kwa wiki tano alikuwa amezichukua sauti zile kama mzigo wa kupunguza. Haikuwa imempitia akilini kwamba mwanamke huyu yupo mahali, anangoja, na kwamba kinywa chake kiko mikononi mwa mtu aliyelala na kikoi. Akafungua zile sauti tisa alizokwisha kuzimaliza, akahesabu *haisikiki* zake. Zilikuwa sitini na mbili.

Alisimama, akakibeba kimeza cha chumbani mpaka ukumbini, akakiweka karibu na dirisha. Kisha akarudi ndani, akavaa suruali, shati na viatu.

"Mama," alisema, "naomba unisaidie. Naanza upya, zote arobaini."

Bi Biasha alimtazama kwa mara ya kwanza bila kuyakwepesha macho. Alikuwa ametandika vitanda vya wageni Diani kwa miaka ishirini na sita, kumi kati ya hiyo akiwa msimamizi wa wanawake wengine. "Mimi nilipewa vyumba kumi na vinne kwa siku," alisema. "Sikupata hata siku moja kufikiria kumi na vinne. Nilifikiria chumba nilichomo. Na sikukaa juu ya kitanda cha mgeni hata kama miguu inaniuma. Tuanze na huyu mama, tusimpeleke Desemba."

Basi wakaanza. Sauti mbili kabla ya adhuhuri, swala, chakula, kisha moja mpaka alasiri, na simu ya Swabir ikae jikoni ndani ya sufuria yenye kifuniko. Swabir aliandika, alipokwama alimgeukia mama, naye akasikiliza amefumba macho. Siku ya tatu Chome alikuja na habari za mbuzi wake.

"Yuko kazini," Bi Biasha alimwambia mlangoni.

"Kazini wapi, mama, nami namwona yule pale?"

"Unamwona, lakini yuko kazini. Njoo saa kumi."

Chome alicheka, akaenda zake, na saa kumi akarudi. Mtungi wa gesi ukapelekwa nyumba ya pili. Swabir alishangaa jinsi mambo yale yote, aliyodhani hayawezi kukataliwa, yalivyokataliwa kwa neno moja la upole.

Wiki ya pili fundi alimwita Bi Biasha Mwabungo akaangalie kazi ya paa, naye akaenda kwa siku mbili. Asubuhi ile nyumba ilikuwa kimya. Swabir alikaa mbele ya kompyuta, akakitazama kile kitanda kupitia mlango, na kitanda kikamtazama. Simu ilikuwa mezani. Akajisemea kwamba siku moja tu si kitu.

Halafu akakumbuka kuwa sauti ya jana ilikatwa mahali pabaya: mzee mmoja alikuwa anasimulia usiku alioilinda mihogo yake dhidi ya nguruwe mwitu, na alikuwa hajamaliza. Swabir alitaka kujua kilichotokea. Aliipeleka simu jikoni, akaifunika, akarudi. Yule mzee alipoeleza kwamba aliyemdhania nguruwe alikuwa shemeji yake, Swabir alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Siku ile alimaliza sauti tatu, na siku iliyofuata nne, na palipomshinda alipaandika pembeni ili jioni ampigie mama simu amwulize. Subira aliporudi alimkuta mumewe anatembea ukumbini, viatu miguuni, akisema kwa sauti maneno ya Kidigo kama mtoto anayejifunza.

"Umekuwaje?" alimwuliza.

"Nimechoka," Swabir alijibu, na uso wake ulikuwa unameremeta.

Aliituma sauti ya arobaini siku mbili kabla ya muda. Ndani ya arobaini zote mlikuwa na *haisikiki* tatu tu, nazo hata Bi Biasha zilimshinda. Hannah alipiga simu. "Nimezisoma zote," alisema. "Nilikuwa sijawahi kuwasikia hawa watu. Jumatano usikose. Nataka wewe ndiye uwasomee."

Watu walikuwa wengi Kikoneni Jumatano ile, wamejaa ukumbi wa soko mpaka nje. Swabir alisoma amesimama, Kiswahili kwanza, kisha Kidigo. Alipofika kwa mwanamke wa mbegu, mama mmoja aliyejifunga leso ya kijani aliinuka katikati ya watu, akapaza sauti: "Ni mimi huyo! Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno!" Vigelegele vikapanda. Bwana wa kilimo alisimama akauliza watu walitaka mbegu mwezi gani hasa, akajibiwa na ukumbi mzima, na mbele yao wote akaandika na kutia sahihi: Februari, kabla ya kulima.

Baada ya dua watu walimzunguka Swabir. Bi Biasha, aliyekuja naye na Subira, alisukumwa pembeni, akabaki anacheka. Hakuna uso hata mmoja ambao Swabir aliujua, lakini mzee mmoja alipofungua kinywa tu kumsalimu, alimshika mkono.

"Wewe ndiwe wa shemeji na nguruwe!"

"Umenijuaje, mwanangu?"

"Nimekaa nawe siku nzima."

Wakaja na wengine, mmoja mmoja, kila mtu akitaka kujaribu. Na kila aliyesema neno, Swabir alimjua: huyu wa kisima kilichokauka, huyu wa mtama mweupe, huyu aliyekohoa kila akimtaja mumewe. Walipiga makofi kila alipopatia, naye hakukosea hata mmoja.