Bado Mikono Tu

Mtaani walimwita Bado, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyechungulia chumbani kwake na kuuliza kama picha imekwisha alipewa jibu lile lile: bado mikono tu. Fundi wa kuchomelea alikalishwa kwenye kigoda mpaka makalio yakafa ganzi, akachorwa uso, kofia, fulana yenye matundu ya cheche, hata kivuli chake sakafuni. Mikono ikaambiwa isubiri. Ilisubiri mpaka fundi mwenyewe akachoka kuulizia. Mwosha magari, mkunga, muuza magazeti, wote walipangwa wakitazama ukuta kama watoto walioadhibiwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitu chini ya viwiko. Watani walisema chumba kile ukibisha hodi, kimejaa watu lakini hakuna wa kukufungulia.

Sababu hazikumpungukia. Mikono inataka mwanga wake, alisema. Inataka utulivu. Inataka brashi nyembamba ambayo siku hizi haipatikani. Ukweli ni kwamba akifika kwenye vidole alikuwa anaingiwa na baridi. Uso ukiukosea kidogo watu watasema huyu leo kaamka vibaya. Mkono ukiukosea, kila mwenye mkono anajua. Basi alikuwa anaigeuza picha ukutani na kuanza nyingine, na utamu wa kuanza ulimlewesha vizuri tu, mpaka alipofika tena kwenye viwiko.

Chumba chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye alishonea chumba cha mbele na kuacha cherehani yake ya pili barazani chini ya plastiki, kwa kuwa chumba cha nyuma kilijaa picha. Mwanamke yule hakuwa na maneno mengi, lakini akiyatoa yalikata kuliko mkasi wake. Asubuhi ya siku mama wa ukumbi alipokuwa anakuja kuziona picha, alimwambia mdogo wake kwamba mgeni asipozichukua, cherehani itaingia ndani na picha zitatoka zikae chini ya plastiki. Bado alijua hatanii.

Mama wa ukumbi alikuwa na jumba la maonyesho kule mjini, lenye kuta nyeupe na taa ndogo ndogo darini. Picha ikitundikwa pale, mchoraji anajulikana. Ikikataliwa, Bado atarudi kuandika vibao vya maduka, kazi aliyoichukia kwa moyo wake wote, ingawa vibao alivimaliza vyote, maana mwenye duka alikuwa anasimama nyuma yake.

Mama huyo alifika mchana, viatu vyake vimeshikwa na matope ya uani. Akageuza picha moja moja. Alipofika ya mwisho akauliza mikono iko wapi.

Bado alifungua kinywa aseme neno lake la siku zote. Akaona kabisa kwamba neno hilo ndilo litakalomrudisha kwenye vibao.

"Hawana mikono," akasema. "Hawa ni watu walionyang'anywa mikono yao."

Akaulizwa wamenyang'anywa na nani. Akajibu na maisha, na wakubwa, na sisi sote. Maneno yakaanza kumtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kadiri alivyosema ndivyo mama wa ukumbi alivyoitikia kwa kichwa polepole, mpaka akaketi juu ya debe la rangi bila kujali gauni lake. Alisema kwa muda mrefu hajaona kitu kama hiki. Alisema atampa ukuta mrefu, ule unaotazamana na mlango, na maonyesho yenyewe yataitwa Walionyang'anywa. Jasho lilimtoka Bado kwa furaha, akazidi kutia chumvi.

Kati ya chumba cha mbele na cha nyuma palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Cherehani ilikuwa imenyamaza zamani. Dada yake akaingia na suruali ya mteja begani, mguu mmoja umeshonwa na mwingine haujashonwa, akasimama mbele ya ile picha ya mwisho. Ilikuwa yeye mwenyewe. Kichwa kimeinama, futi ya kupimia shingoni, cherehani mbele yake imechorwa mpaka skrubu. Mikono ya gauni iliishia hewani.

"Mimi nani kaninyang'anya?" akauliza.

Bado akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni lugha ya sanaa.

"Lugha ya sanaa." Aliyatamka kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. "Mikono hii imeshona sare za shule za mtaa mzima. Imeshona sanda ya baba, wewe umekaa nje unalia. Haijanyang'anywa na mtu. Umeshindwa kuichora, basi sema umeshindwa. Usinikate mikono mbele ya wageni halafu unitafutie na mwizi."

Mama wa ukumbi alikohoa, akasema sanaa nzuri ndivyo ilivyo, inagusa watu. Dada akamwambia karibu sana mama, lakini hili ni la ndani. Mgeni akaaga, akasema gari litakuja Ijumaa kuchukua picha zote.

Alipotoka tu, mori ukampanda Bado. Akamwambia dada yake kwamba nusura amharibie bahati ya maisha yake, kwamba hajui chochote zaidi ya pindo na vifungo, kwamba anamwonea wivu. Dada akacheka kicheko kibaya.

"Wivu wa nini? Wa viwiko?"

Akarudi chumba cha mbele, akaketi kwenye cherehani, akamwita. Akamwambia alete picha na rangi zake hapa hapa. Yeye ana suruali ya mtu, hatasimama wala hatakaa kama sanamu. Akiona kidole, aweke kidole.

Bado akabeba picha kwa hasira, aje amwonyeshe kwamba haiwezekani. Na kweli, mkono wa kwanza ulitoka kama glavu iliyojazwa mchanga. Akaufuta kwa kitambaa chenye tapentaini mpaka macho yakamwasha. Wa pili dada yake aliutupia jicho moja, akasema hiyo ni miguu ya kuku. Akaufuta. Miaka yote alikuwa anatafuta mikono mizuri, na hii haikuwa mizuri hata kidogo. Vifundo vilikuwa vimevimba. Ukucha mmoja ulikuwa umepasuka pale sindano ilipopita siku moja na kutokea upande wa pili. Kidole gumba cha kushoto kilipinda nyuma kwa kusukuma nguo miaka nenda miaka rudi. Na vidole havikutulia, vilikwenda na kurudi, vilikwenda na kurudi, mpaka akamtukana. Dada naye akamrudishia tusi lililonona zaidi, huku anashona.

Ikawa hivyo siku zote zilizobaki kufika Ijumaa. Wateja waliokuja kupima nguo walisimama nyuma yake wakatoa maoni. Aliwafukuza, hawakuondoka. Mama mmoja aliyekuja kufupisha sketi alisema hicho kidole gumba si cha fundi, hicho ni cha mtu mwingine. Bado alitamani kumrushia brashi. Kisha akatazama, akaona mama amesema kweli, na hasira zikawa mara mbili. Akakifuta kidole, akaanza upya.

Hata hakujua alipomaliza. Alinyoosha brashi atafute pa kuigusisha, hakupaona. Aliketi chini sakafuni katikati ya vipande vya nguo. Furaha aliyoitegemea haikuja. Alijisikia kama mtu aliyepakua lori la saruji peke yake, na bado ana ugomvi na mwenye lori.

Dada yake akasimamisha cherehani, akaitazama picha kwa muda.

"Ndiyo mibaya hivyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Najua," akasema. Akajifuta mikono kwenye gauni, akarudi kwenye suruali yake.

Ijumaa mama wa ukumbi alikuja na dereva. Picha zilikuwa zimeegemezwa barazani, na alipoiona ya fundi cherehani akakunja uso. Inaharibu, akasema. Watu wote hawana mikono, na huyu mmoja anayo, sasa maana iko wapi? Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameshatangaza kila mahali. Akamwomba aifunike mikono kwa rangi moja tu, hata ya ukutani, kazi ya muda mfupi, dereva atasubiri.

Bado akatazama zile nyuso nyingine. Yote aliyoyasema juu yao yakampanda kooni kama nyongo.

"Hizo bado, mama," akasema. "Hii imekwisha. Chukua hii, au acha zote."

"Wewe uliniambia wamenyang'anywa."

"Nilikuambia uongo."

Mama wa ukumbi akawaka. Alimwita tapeli. Alimwambia ukuta mrefu atapewa mwingine, mtu mwenye adabu. Lakini alipokuwa anayasema hayo macho yake yalikuwa yanarudi kwenye ule ukucha uliopasuka, na mwishowe, shingo upande, akamwambia dereva apakie hiyo moja. Itakaa kwenye korido ya chooni, akasema. Bado akamuuliza tu mwanga unatokea upande gani.

Siku ya kufungua maonyesho alisimama kwenye ile korido na viatu vinavyobana, amenuna, tayari kwa ugomvi. Ugomvi haukuja. Watu waliokuwa wanawahi chooni walifika pale wakasimama. Wengine waliokuwa nyuma wakauliza foleni ni ya nini. Mzee mmoja aliinua mkono wake mwenyewe, akaupindua, akautazama pande zote mbili kana kwamba amekabidhiwa leo. Korido ikaziba kabisa, mpaka mlinzi akaja kuwaomba watu wapite. Hakuna aliyemuuliza Bado maana ya kitu chochote.

Kabla wiki haijaisha mama wa ukumbi aliihamisha picha mwenyewe, akaipeleka kwenye ukuta mrefu, peke yake. Akamwita Bado. Hakuomba radhi, naye hakuombwa. Alisema zile nyingine anazitaka pia, zikiwa na mikono, na alilisema kama wazo lililomjia yeye. Bado nusura ampasukie, akameza.

"Sasa nipe maneno ya kuandika chini yake," mama wa ukumbi akasema, karatasi mkononi. "Watu wanataka kujua maana."

"Anashona suruali."

"Halafu?"

"Basi. Anashona suruali," Bado alisema, huku ameshafika mlangoni, maana mkunga alikuwa anatoka zamu na alikuwa amemwonya kwamba akichelewa, mikono yake ataibeba aende nayo nyumbani.